Mei ya mizigo mingi: njia za nyumbani za kupunguza msongo wa mawazo

Kila mwaka ifikapo Mei, mambo manne hukutana katika Kaunti ya Kilifi. Upepo wa kusi huanza kuvuma kwa nguvu, na vyombo vidogo vya uvuvi kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni hukaa pwani siku nyingi bila kuingia majini. Wageni hupungua Malindi na Watamu, na baadhi ya wafanyakazi wa hoteli huambiwa wakakae nyumbani hadi watakapoitwa. Ganze na Magarini, mkulima aliyekwisha kupanda mahindi hutazama mawingu kila asubuhi, naye hajasahau kiangazi kirefu kilichoanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipokosa kutimia mfululizo. Na shule nazo zimefungua muhula wa pili. Wanafunzi wenye baki la karo wanajua kwamba majina yao yanaweza kusomwa wakati wowote.

Si ajabu mambo hayo yote manne kuangukia nyumba moja. Baba ni mvuvi, mama anafanya kazi hotelini, shamba la nyanya linawategemea wao kwa mbegu, na watoto wawili wako sekondari. Katika nyumba ya namna hii hakuna aliye mgonjwa, lakini hakuna anayelala vizuri. Baba anakasirika kijiko kikianguka. Mama anaumwa na shingo na mabega tangu Jumatatu, na dawa za maumivu za dukani hazimsaidii. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri anarudi na alama ambazo mwalimu hazielewi.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa msongo wa mawazo. Makala haya yanaeleza unavyofanya kazi mwilini, njia ambazo mkazi anaweza kuutua kwa kutumia vitu alivyo navyo, na mahali ambapo njia hizo huishia na msaada wa hospitali kuanzia.

"Nina presha"

Kwanza ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku imeyachanganya. Wakazi wengi husema "nina presha" wakimaanisha kwamba wana mawazo mengi au moyo unawaenda mbio. Katika zahanati, presha ni kitu kingine: ni shinikizo la damu, na hujulikana kwa kupimwa tu. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, mhudumu wa afya huhesabu kuwa mtu ana shinikizo la juu.

Mchanganyiko huu una hatari pande zote mbili. Mtu mwenye shinikizo la juu mara nyingi hahisi chochote, kwa hiyo akiwa hana mawazo hudhani hana presha na huacha vidonge vyake. Anayehisi moyo unadunda kwa sababu ya deni naye huenda akameza vidonge vya jirani, ambavyo hakuandikiwa na havimfai. Msongo unaweza kupandisha shinikizo kwa muda, na mtu aliyesongwa muda mrefu huelekea kula vibaya, kulala kidogo na kunywa zaidi, mambo ambayo huharibu mishipa na moyo. Hata hivyo, hakuna anayeweza kujipima kwa hisia. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, walipewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo mpango wao ulipozinduliwa kitaifa Septemba 2023. Kupimwa huchukua dakika chache.

Kengele isiyozimwa

Wazo la kitabibu la msongo lilianza kupata maana yake ya leo mwaka 1936, wakati Hans Selye, daktari mwenye asili ya Hungaria aliyekuwa akifanya utafiti Montreal, Kanada, alipoandika kuhusu panya wa maabara. Aligundua kwamba panya walioumizwa, waliopigwa na baridi na waliochoshwa kupita kiasi walionyesha mabadiliko yaleyale mwilini, ingawa mambo yaliyowapata hayakufanana. Mwili una jibu moja kwa taabu nyingi.

Jibu hilo ni la kuokoa maisha. Mwanamke anayepalilia Magarini akiona nyoka kwenye mahindi, ubongo wake hausubiri kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huongeza mapigo, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na damu huelekezwa miguuni na mikononi ili akimbie au apige. Tumbo husimamisha kazi, kwa sababu si wakati wa kusaga chakula. Muda mfupi baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, inayohakikisha kwamba damu ina sukari ya kutosha kwa mapambano. Nyoka akiondoka, mwili hurudi polepole ulipokuwa, na mwanamke huyo huendelea kupalilia huku akicheka kidogo.

Tatizo la karo ni kwamba haiondoki kama nyoka. Mwili hautofautishi sana nyoka na ujumbe wa simu unaosema mkopo umepitisha tarehe. Hupiga kengele ileile, na ujumbe ukirudi kila siku, kengele haizimwi. Misuli iliyokazwa kwa dakika tano haidhuru, bali iliyokazwa kwa miezi miwili ndiyo shingo ile ya mama wa hotelini. Tumbo lililosimamishwa kila siku huleta kiungulia, kuharisha au kukosa hamu ya chakula. Usingizi hukatika saa tisa za usiku. Mtu husahau alichotumwa dukani, na hamu ya tendo la ndoa hupungua, jambo ambalo wanandoa wengi huligombania bila kujua chanzo chake.

Kwa hiyo njia zote zinazofuata zina kazi mbili tu. Nyingine huuambia mwili kwamba kwa sasa hakuna nyoka. Nyingine hushughulikia nyoka mwenyewe. Zote zinahitajika, na ushauri mwingi unaotolewa redioni husahau kundi la pili: hakuna pumzi inayolipa karo.

Pumzi

Katika mabadiliko yote yanayoletwa na kengele ile, pumzi ndiyo ambayo mtu anaweza kuishika moja kwa moja. Hawezi kuuamuru moyo upunguze mapigo wala tumbo litulie, lakini anaweza kupumua polepole, na moyo hufuata. Kila mtu anapovuta hewa, mapigo ya moyo huongezeka kidogo, na anapoitoa hupungua. Ndiyo maana kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hutuliza.

Namna ya kufanya ni rahisi. Mtu akae, au aegemee ukuta, alegeze mabega na taya. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi nne, tumbo likijaa badala ya kifua. Aitoe taratibu akihesabu hadi sita, kama anayepuliza uji wa moto bila kuumwaga. Arudie kwa dakika tano. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kwa mtindo huu atafika karibu mara sita. Akihisi kizunguzungu, anavuta hewa nyingi mno na anapaswa kurudi kwenye pumzi yake ya kawaida kwanza. Dereva wa bodaboda anaweza kufanya hivi stejini akisubiri abiria, na mwalimu anaweza kufanya kabla ya kuingia darasa linalompa shida.

Wanaosali huenda wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza matokeo ya kuwapima watu waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini. Walikuta kwamba kusali huko kulishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mwendo wa utulivu. Mwenye tasbihi mkononi baada ya swala ya alfajiri na anayeimba tenzi taratibu kanisani nao hurefusha pumzi. Kwa wengi sala ni zaidi ya hapo, na hilo si la idara ya afya kulipima. Lakini mwili nao hupata fungu lake.

Kutembea, kwa anayekaa

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani kama nusu saa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza akitembea lakini hawezi kuimba. Kutembea hutumia ile sukari na ile nguvu ambayo mwili ulikuwa umejiandaa kuitumia kukimbia, na usiku huo usingizi huwa mzito zaidi.

Ushauri huu hata hivyo uliandikwa zaidi kwa watu wanaokaa. Karani wa ofisini, mshonaji wa cherehani, muuza duka na dereva wa matatu watafaidika sana wakishuka kituo kimoja kabla ya nyumbani na kumaliza njia kwa miguu jua likishapoa. Lakini mwanamke anayeshinda akiponda kokoto kwenye machimbo, au kijana anayebeba mifuko ya chumvi Gongoni, hakosi mazoezi. Anakosa mapumziko. Kumwambia akimbie jioni ni kumwongezea kibarua. Kwake yeye dawa ni kinyume: saa moja ya kukaa kivulini bila kutumwa, maji ya kutosha, na mtu mwingine wa nyumba kuchukua zamu ya kuteka maji. Waume na watoto wakubwa wanaosoma makala haya wanaweza kulianza hilo leo.

Kucheza nako ni mwendo. Ngoma ya harusi inayochezwa hadi usiku wa manane, mpira wa jioni ufukweni, wanawake wa chama wanaoimba wakipalilia shamba la mmoja wao kwa zamu: katika yote haya mwili unafanya kazi na mtu hayuko peke yake. Anayepata nafasi ya kupita chini ya miti, iwe ni kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke au chini ya mwembe wa nyumbani, aitumie bila kutazama simu.

Usingizi

Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Anayelala saa nne kwa sababu ya mawazo huamka na mawazo yaleyale lakini na ubongo uliochoka, na uamuzi mbaya wa pesa hufanywa asubuhi za namna hiyo.

Adui wa kwanza ni kikombe. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, na kwa watu wengi karibu nusu ya kafeini iliyonywewa bado iko mwilini saa tano baadaye. Chai ya saa kumi na mbili jioni ingali kazini saa tano usiku. Mchaichai au tangawizi katika maji ya moto, bila majani ya chai, hutoa ule ujoto na ile desturi ya kukaa pamoja bila kufukuza usingizi. Mimea hiyo ni kinywaji kizuri, lakini haitibu msongo. Zile chupa zinazouzwa stendi kwa madai ya kumaliza presha, kisukari na mawazo kwa pamoja zinapaswa kutiliwa shaka, hasa na mtu anayemeza dawa za hospitali, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hugongana na dawa hizo. Mwenye kutumia mitishamba amweleze daktari bila kuficha.

Adui wa pili ni simu. Ujumbe wa mkopo ukisomwa saa nne usiku hauwezi kufanyiwa chochote hadi asubuhi, ila kengele itakuwa imekwisha kulia. Simu ikilazwa mbali na kitanda, ujumbe huo utasubiri. Kwa mwenye mawazo yanayozunguka, daftari la shule lililobaki kurasa husaidia: kabla ya kulala anaandika kila linalomsumbua, na mbele yake hatua moja ya kesho, hata kama ni "kumpigia shemeji". Akilala na usingizi usije kwa kama dakika 20, ni afadhali aondoke kitandani, akae mahali penye mwanga hafifu, na arudi akisinzia. Kulala macho wazi kwa saa mbili hukifundisha kitanda kuwa mahali pa kuwazia.

Wavuvi wa usiku, mabawabu na wauguzi hawana usiku wa kulala. Wao wajaribu kulala saa zilezile kila mchana, dirisha likiwa limezibwa kwa kanga nzito, na nyumba nzima ikijua kwamba saa hizo hawaamshwi kwa sababu ya kibiriti.

Dawa zinazokopesha

Kuna njia nne ambazo wakazi wengi hukimbilia kwanza, na zote hutoa nafuu ya kweli kwa saa kadhaa. Hapo ndipo penye mtego.

Mnazi na pombe nyingine huleta usingizi haraka, kisha huuvunja. Mnywaji hulala saa tatu na kuamka saa nane usiku, moyo ukidunda. Kesho yake wasiwasi huwa mkubwa kuliko wa jana, na hapo pombe huonekana ndiyo tiba yake. Muguka na miraa hufanya kinyume: zina kichangamshi kinachofukuza uchovu, njaa na usingizi. Kijana asiye na kazi hujihisi ana mipango mikubwa hadi usiku, na asubuhi hubaki na kinywa kikavu na huzuni. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza marufuku dhidi ya muguka, na suala hilo likafika mahakamani. Lakini hata bila kungoja mahakama, anayetafuna kila siku anaweza kujichunguza kwa swali moja: bila muguka, analala na kuamka vipi?

La tatu ni kamari ya simu. Mtu mwenye deni la karo la shilingi 9,000 huiona mechi ya Jumamosi kama njia ya kutokea. Akipoteza, deni huongezeka. Akishinda, hurudi. Kampuni za kamari huishi kwa pesa za wanaopoteza, na hakuna mahesabu mengine ya kufanya hapo. La nne ni mkopo wa simu wa kulipia mkopo wa simu, ambao hauhitaji maelezo kwa aliyewahi kuupitia.

Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafla peke yake, kwani mwili unaweza kupata mitetemo hatari au degedege. Hilo ni la kuanzia hospitalini.

Mtu wa kuzungumza naye

Katika lugha ya Kishona ya Zimbabwe kuna neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na wagonjwa hulitaja zahanati kama vile wakazi wa Kilifi wanavyosema "mawazo". Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo aliwafunza nyanya hao kusikiliza, na kila mmoja akapewa benchi la mbao nje ya zahanati. Aliyelemewa hukaa benchini na nyanya. Nyanya hamwambii avumilie wala hamhubirii. Humwuliza mambo yote yanayomsumbua, kisha humsaidia kuchagua moja tu, na kupanga hatua ndogo ambayo ataifanya kabla ya kurudi. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya wagonjwa 500 yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Jijini Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii wasio wanasaikolojia walifunzwa njia ya Shirika la Afya Duniani ya vikao vitano, inayochanganya pumzi, kupanga shughuli na kutatua tatizo mojamoja. Zaidi ya wanawake 400, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, walihusishwa, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba waliopitia vikao hivyo walipungukiwa na dhiki zaidi kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Siri ya njia hizi ni kule kuchagua moja. Mama wa nyumba iliyotajwa mwanzoni akisema "matatizo yangu ni mengi", hana pa kushika. Akiyataja, anapata kusi, hoteli, mvua na karo. Kusi na mvua haziko mikononi mwa mtu. Hoteli itaita itakapoita. Karo ndiyo yenye mlango. Hatua ya kwanza inaweza kuwa kumwendea mwalimu mkuu kabla mtoto hajarudishwa, akiwa na tarehe na kiasi anachoweza kulipa. Mzazi anayejitokeza mapema husikilizwa kuliko anayeitwa, na baadhi ya shule hupokea mahindi, maharagwe au kuni badala ya sehemu ya pesa. Hatua ya pili ni kuuliza ofisi ya wadi na ya eneobunge kuhusu basari na tarehe ya mwisho ya fomu. Deni halijaisha, lakini limepata siku na mahali, na mwili wake utalala vizuri zaidi usiku huo.

Wanaume ndio wagumu kufikika hapa. Wanakutana kila siku, kwenye bao, maskani, chini ya mnazi pwani, na huzungumza siasa na mpira hadi magharibi bila mmoja kusema kwamba hajala tangu jana. Mara nyingi anayefungua mlango ni yule anayeuliza wakiwa wawili tu, mikono ikiwa na kazi, kama kushona nyavu.

"Kaka, siku hizi uko kimya. Nyumbani kuzuri?"

"Kuzuri tu, ndugu yangu."

"Mimi mwenyewe kusi hii imenibana. Wewe nawe inakubana wapi?"

Swali la pili ndilo lenye kazi. Aliyeuliza amejitaja kwanza, na hakuuliza kama kuna tatizo bali liko wapi. Baada ya hapo kazi yake ni kunyamaza. Asikatize kwa "hata mimi", asiseme "mshukuru Mungu kuna walio na shida zaidi", na asikipeleke alichoambiwa maskani. Siri ikivuja mara moja, mtu yule hatasema tena kwa miaka.

Pale ambapo haya hayatoshi

Msongo wa kawaida hupanda na kushuka pamoja na jambo lililouleta. Ikiwa zaidi ya wiki mbili zimepita na mtu ana huzuni au utupu karibu kila siku, hafurahii hata alichokipenda, halali au analala mchana kutwa, hali au anashindwa kufanya kazi zake, huenda huo si msongo tena bali ni ugonjwa wa sonona, na una tiba. Mama aliyejifungua karibuni aangaliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa jamaa huwa wanamtazama mtoto.

Mtu akisema amechoka kuishi, aaminiwe. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na wahudumu wanaouliza kila siku huona wengi wakishusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Asiachwe peke yake. Dawa za shambani za kuua wadudu zitolewe nyumbani au zifungiwe mahali ambapo ufunguo uko kwa mtu mwingine. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini saa mbaya mara nyingi hupita, na anayekosa kitu karibu hupata nafasi ya kuifikia asubuhi.

Familia nyingi ziliogopa kumpeleka hospitali aliyejaribu kujiua kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hospitali ni mahali pa kwanza pa kwenda, na hofu ya polisi isimcheleweshe mtu. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi.

Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo na hutoa ushauri nasaha kwa simu. Namba 116 ni ya watoto, na 1195 ni ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Kwa asiyetaka simu, mhamasishaji wa afya wa kijiji anaweza kumwandikia rufaa ya zahanati. Anayeona haya kusema "mawazo" mbele ya foleni anaweza kumwambia muuguzi wa mapokezi kwamba hapati usingizi na angependa kuzungumza na mhudumu faraghani.